Samahani dada

Jumatatu bado inaniwasha. Harusi ya Mwanaidi imepita salama, umeme umekatika siku mbili tukahamisha sampuli usiku usiku, na mimi nimeganda kwenye sentensi moja.

Siku hiyo nilikuwa naonesha matokeo yangu kwenye kikao cha maabara. Wiki tatu nimefuga makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, kutoka damu ya watu, nikayapa intalukini 4, protini ya kuyaamsha, nikasaka arjinesi 1, kimeng'enya nilichokichukua kuwa alama kwamba yameitika. Hola. Nikalaumu kingamwili ya kuinasa, nikalaumu friza, nikaagiza kichupa kipya. Ndipo yule kijana wa fildi, koti lake bado lina mikunjo ya dukani, akanyoosha mkono nusu.

"Samahani dada, hiyo alama si ya panya?"

Samahani! Bila hiyo samahani ningepumua. Dokta hakusema kitu, alifunika tu kalamu yake. Nikajibu, "Tutaangalia," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuangalia.

Na ni ya panya kweli. Makrofaji ya panya ukiyapa intalukini 4 yanatengeneza kwa wingi arjinesi 1 na protini nyingine mbili, Ym1 na Fizz1. Binadamu hizo mbili za mwisho hatuna hata jeni zinazolingana nazo. Arjinesi 1 tunayo, ila kaitafute kwenye ini na kwenye neutrofili, seli nyingine za kinga. Hata M1 na M2, majina ya aina mbili za makrofaji tunayoyaimba kila kikao, yalitokana na panya, wa koo za maabara C57BL/6 na BALB/c, mwaka 2000. Haya yote nimewafundisha watu kwa mdomo wangu! Itifaki niliyorithi iliandikwa na mtu wa panya, nami nikainakili kama dua.

Samahani dada. Naisikia hata nikiosha vyombo.

Alhamisi nikachukua RNA iliyobaki, nakala za jeni zinazofanya kazi kwenye seli, nikapima alama nyingine mbili: transglutaminesi 2, inayopanda kwa panya na kwa mtu, pamoja na CCL18, ambayo panya hana kabisa. Kwenye mashine, visima vya seli zilizopewa intalukini 4 vikawaka mapema, maana yake alama zimo tele, vile visivyopewa kitu vikaja vinajikongoja. Nikacheka peke yangu mbele ya mashine. Zilikuwa seli zilezile! Zilinijibu tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeuliza kwa lugha ya panya.

Nikamwita kijana aje kuona. Akatazama, akasema, "Kumbe zilikuwa nzima, dada." Safari hii hakuomba samahani, nikanunua chai mbili.

Jioni Mama kapiga, ananong'ona jikoni: Baba anaruka siku kwenye dawa za presha ili zifike mwisho wa mwezi.