Muheme Haupigwi kwa Kuachiana Mita

Uwele umeiva. Kwetu Dodoma, mwezi Mei ukifika hivi, mazungumzo ya nyumbani huwa ni nani atakwenda Chamwino Julai kwenye tamasha la ngoma na nani atabaki na watoto. Mwaka huu wa 2020 hakuna anayeuliza. Machi 17 Waziri Mkuu alitangaza shule kufungwa na mikusanyiko ya michezo na burudani kusitishwa. Mbio za mwenge zimeahirishwa, sherehe za Muungano hazikufanyika, Mei Mosi imepita bila maandamano. Sokoni tunakwenda, kanisani tunakwenda, wenzetu msikitini wanakwenda. Ngoma ndiyo hatuna.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Chang'ombe ya hapa Dodoma, na siku hizi nashona barakoa za kitenge kutwa nzima. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Lakini kila nikikunja kitambaa nawaza jinsi corona ilivyokataza, kimoja baada ya kingine, vitu vinavyoifanya ngoma yetu iwe ngoma.

Kwa ambaye hajafika: tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa sisi Wagogo, lilianza mwaka 2009 pale kijijini Chamwino Ikulu, chini ya Kituo cha Sanaa Chamwino. Vikundi vinatoka vijijini na ngoma zao, zeze zao, njuga miguuni. Halafu kina mama wa muheme, ngoma yetu ya wanawake, wanajipanga. Ngoma inabanwa katikati ya mapaja, bega kwa bega, na wanapiga huku wanacheza, vumbi linapanda mpaka kwenye kope. Kuna na nindo, mtindo mwingine wetu. Wimbo wetu haukamiliki kwa mtu mmoja: huyu anaanzisha, yule anapita juu, kundi linajibu chini, sauti zinapishana na kukutana. Ili uipate sehemu yako ni lazima umsikie wa kushoto na wa kulia. Nilimpigia simu mama mkubwa, ambaye amepiga muheme tangu usichana wake, nikamuuliza kama wanafanya mazoezi.

"Mwanangu," akasema, "tuachiane mita, nani atamsikia mwenziwe?"

Kuna watu wananiambia niangalie video, zimejaa mtandaoni. Naangalia. Ilimba, kinanda chetu cha kupigwa kwa vidole gumba, ndiyo inayoniumiza zaidi. Mafundi huziba tundu la ubao wake kwa utando wa buibui, na utando ule ndio unaotoa mtetemo unaozunguka kila noti. Kwenye spika ya simu mtetemo huo unageuka mkwaruzo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki na mtoto wa hapa hapa Dodoma, aliipeleka sauti hiyo Ulaya, Marekani na Japani, wageni wakaisikia mbele ya macho yao. Nisiisikie mimi, ninayekaa mwendo wa daladala?

Na chakula. Hapa mtanisamehe nikikaa kidogo.

Ugali wa uwele naupika mwenyewe, sihitaji tamasha. Mlenda mkavu ninao kabatini: majani yaliyoanikwa na kutwangwa, unatia maji, magadi kidogo, karanga za kusaga, basi, hakuna mafuta. Nimeupika juzi. Ulikuwa mtamu, na mume wangu akala akamaliza. Lakini kule Chamwino hakai kila mtu na sahani yake. Sinia linawekwa chini, mnanawishwa, mnakaa kulizunguka na watu wa kijiji usichokijua, na mlenda unavyovutika kila mmoja lazima azungushe tonge kwa ustadi ili usimdondokee jirani. Ndipo mnapoanza kuulizana: ninyi wa wapi, mama yenu nani, kumbe tuna undugu kwa upande wa bibi. Baadaye linakuja togwa, kibuyu kinapita mkono hadi mkono, unakunywa unapangusa mdomo unampa mwenzio. Pembeni kuna kuku wa kienyeji juu ya makaa, karanga za kuchemsha, ubuyu kwa watoto. Unasimama na kipaja cha kuku mkononi, kikundi kipya kinaingia uwanjani, unaacha kutafuna.

Sinia moja, kibuyu kimoja, pumzi kwa pumzi. Naelewa kabisa kwa nini imesitishwa. Wapiga muheme wengi ni watu wazima, na mimi sitaki ngoma itakayomzika mama mkubwa. Iseme serikali mwezi, iseme mwaka, nitasubiri. Ninachokataa ni kauli ya baadhi ya vijana hapa mjini kwamba burudani ni kitu cha ziada, kitarudi chenyewe. Binti wa miaka kumi hujifunza muheme kwa kusimama karibu na magoti ya shangazi yake. Akikosa misimu miwili mitatu, ameshakua, ana mambo mengine.

Tena kuna wanaoishi kwa siku zile. Yupo mama anayechoma kuku nyuma ya uwanja. Mwaka jana mapato ya tamasha ndiyo yalimnunulia mwanawe sare. Sasa kuku wake wamekua, wanakula mtama, na wateja hawapo. Nimemwagiza wawili, analeta Jumamosi hadi stendi. Nimewaambia na majirani zangu, watatu wamekubali. Kama uko Dodoma na una mama wa namna hiyo unayemfahamu, wa kuku, wa karanga, wa togwa, mpigie wiki hii. Usingoje Julai.