Herufi Nane za Ribosomu

Nilipokuwa mwaka wa nne pale Maseno, mwalimu wetu wa baiokemia alitugawia karatasi zilizojaa herufi: mifuatano ya protini, kila asidi amino ikiwakilishwa na herufi moja. Majina alikuwa ameyaondoa. Kazi yetu ilikuwa kusema protini hizo ni za ukoo gani.

Wenzangu walikimbilia kompyuta. Mimi nilishika penseli, kwa kuwa nilitaka macho yangu yaone kwanza. Nilipanga mistari mmoja chini ya mwingine, nikiisogeza huku na huku, hadi safu moja ikasimama wima katikati ya yote: P, N, S. Kushoto, ukiruka herufi moja, K au R. Kulia, ukiruka mbili, R.

"Mwalimu, PNS imo kote."

"Usiishie hapo. Niandikie kanuni yake."

Nikaandika: K au R, herufi yoyote, P, N, S, A au R, herufi yoyote, R. Akatabasamu. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa S12, protini mojawapo ya ribosomu, ile mashine ya seli inayotengeneza protini. Alama hiyo imo katika PROSITE, hifadhi ya alama za koo za protini aliyoianzisha Amos Bairoch kule Geneva. Kisha akatufichulia wenye protini hizo. KKPNSALR ilikuwa ya bakteria E. coli, ya bakteria wa kifua kikuu, hata ya kloroplasti ya mahindi. KQPNSAIR ni yetu binadamu, ingawa kwetu protini hiyo imezoeleka kuitwa S23. Nyuma ya maabara palikuwa na shamba la mahindi; nililitazama kwa macho mapya.

Lakini kilichoniteka kabisa ni ile K ya kwanza. K ni asidi amino iitwayo lisini, na katika bakteria hao wa kifua kikuu hiyo iko nafasi ya 43 ya mfuatano. S12 hukaa karibu na pale ribosomu inaposoma ujumbe wa jeni, na streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, hushika papo hapo, usomaji ukavurugika. K hiyo ikigeuka R, dawa hushindwa. Babu yangu wa Yala alidungwa streptomaisini akapona, masikio yakabaki yakivuma. Jirani yake alidungwa dawa ileile, haikumfaa.

Nikafuta K, nikaandika R, nikapima upya. Ikapita, maana kanuni inakubali zote mbili. Alama iliyotosha kuunganisha mahindi na binadamu haikutosha kumtenga bakteria anayeuawa na dawa na yule sugu.

Kabla maabara haijafungwa, nilikuwa nimemwomba mwalimu mada hiyo iwe mradi wangu.