Freedom Cry: nzuri baharini na mashambani, dhaifu mjini

Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kulipia nyongeza yoyote ya gemu ni kama imebadilisha kanuni za mchezo au imekuongezea ramani tu. Freedom Cry, iliyotoka Desemba 2013 kama nyongeza ya Assassin's Creed IV: Black Flag, gemu ya maharamia, inalijibu swali hilo vizuri sana baharini na kwenye mashamba ya miwa. Mjini inateleza, na inateleza mahali pabaya.

Mhusika ni Adéwalé, aliyekuwa mkono wa kulia wa Edward Kenway, mhusika mkuu wa Black Flag. Alizaliwa utumwani Trinidad. Hadithi inaanza mwaka 1735: dhoruba inamtupa kwenye pwani ya Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, hana meli wala wenzake. Ndani ya muda mfupi ameshapata meli mpya, Experto Crede, na ameshajiunga na watumwa watoro waliojificha msituni. Ukifuata misheni kuu peke yake utamaliza kwa saa nne au tano. Ukiingia kwenye mashamba na misafara ya meli, muda huo unaweza kurudufika.

Silaha zake mbili ndizo zinazokufanya uhisi kwamba huyu si Edward. Panga ni zito na pigo lake ni la polepole kuliko zile sime mbili za Edward, kwa hiyo anayebonyeza kitufe cha shambulio mfululizo bila kungoja nafasi ya kukinga atachomwa. Bunduki yake ya mdomo mpana inatawanya risasi na kuangusha kundi zima la askari kwa mlio mmoja. Ni tamu, lakini mlio huo unasikika mbali, na mashambani jambo hilo lina gharama yake.

Katika Black Flag shamba lilikuwa ghala la kuibia sukari na ramu. Hapa umekuja kuwakomboa watu, na kengele ya hatari ikilia wanyapara wanaanza kuwaua watumwa papo hapo. Kosa lile lile ambalo Edward angelisahihisha kwa upanga linakugharimu roho za uliokuja kuwaokoa, nawe unaziona zikipungua. Panda kwanza juu ya paa au mti, tumia macho ya tai, uwezo wake wa kuwatambua maadui kwa mbali, kuwatia alama wanyapara wote, kisha nenda ukaharibu kengele kabla ya kumgusa mtu yeyote. Baada ya hapo jifiche ndani ya miwa, piga mluzi, mvute mmoja mmoja. Mishale ya usingizi inafaa kwa anayesimama peke yake mbali na vichaka. Ile ya kichaa iache mfukoni, maana askari anayewarukia wenzake huvuta macho ya kambi nzima. Wachezaji wengi hushindwa kwa kumaliza walinzi wa nje kwanza, huku mnyapara aliye katikati ya watumwa hawajamwona. Anza na yeye.

Baharini ndiko kanuni imebadilika zaidi. Meli ya watumwa husafiri na walinzi wake, na kila risasi ya mzinga inayoipata inaua watu waliofungwa minyororo ndani yake. Mazoea ya Black Flag ya kukaribia na kumwaga mizinga ya ubavuni hayafai tena. Zamisha meli za ulinzi kwanza, na kabla ya kufyatua tazama kilicho nyuma ya shabaha, kwa sababu risasi zilizokosa hazipotei hewani. Zunguka mpaka meli ya watumwa iwe upande wako wa pili, hata kama zamu hiyo itakufanya upigwe mara mbili tatu. Makombora ya kurushwa juu yaache kabisa msafara ukiwa umebanana, maana huanguka kwa duara pana. Mizinga midogo ya kulenga kwa mkono ndiyo rafiki yako. Sijui nyongeza nyingine ya wakati ule iliyomfundisha mchezaji kujizuia kwa nguvu namna hii.

Sasa mjini Port-au-Prince. Kila kona kuna jambo la kufanya: mtoro anakimbizwa, mtu anapigwa hadharani, watu wamefungiwa vizimbani, mnada unaendelea. Idadi ya uliowakomboa inahesabiwa, na ikifika kiwango fulani unafunguliwa panga bora au mfuko mkubwa wa risasi. Matukio haya yanajirudia bila kikomo. Unamkomboa mtu hapa, ukirudi baada ya dakika chache mwingine amesimama palepale. Mara ya kwanza moyo unauma. Baadaye unaanza kuwaona watu kama sarafu, na gemu yenyewe ndiyo iliyokusukuma huko. Huu ndio udhaifu wake mkubwa, na unauma zaidi kwa sababu mashamba na bahari vimeonyesha kwamba watengenezaji walijua njia bora. Misheni za kumfuata mtu na kusikiliza mazungumzo zimerudi pia, nazo ni nyingi mno kwa hadithi fupi kiasi hiki.

Upande wa historia kuna kazi ya maana. Pierre de Fayet, gavana wa Saint-Domingue unayemkuta katika hadithi, alikuwepo kweli. Louis Godin naye alikuwepo: aliongoza wanasayansi wa Kifaransa walioondoka mwaka 1735 kwenda kupima umbo la dunia kwenye ikweta, na walipitia Saint-Domingue. Code Noir, sheria ya Ufaransa ya mwaka 1685 kuhusu watumwa wa makoloni, iliamuru mtoro wa mwezi mmoja akatwe masikio na kuchomwa chapa begani; ukilijua hilo, kila anayekimbia vichochoroni una sababu ya kumwahi. Kosa lililo wazi ni mji wenyewe: Port-au-Prince ulianzishwa rasmi mwaka 1749, zaidi ya miaka kumi baada ya matukio ya gemu. Muziki wa Olivier Deriviere ulishirikisha La Troupe Makandal, kundi la ngoma za Kihaiti, na ngoma hizo zinastahili spika nzuri au hedifoni.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya kuitazama hadithi hii. Mwaka 1776 Morice, mfanyabiashara Mfaransa wa watumwa, aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, hasa kwa visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika miaka hiyo meli za Kifaransa zilipeleka watu wa Msumbiji hadi Saint-Domingue kwenyewe.

Kuhusu kununua: tangu Februari 2014 kuna toleo linalojitegemea, lisilohitaji Black Flag. Ila halikufundishi vidhibiti kwa upole, kwa hiyo asiyewahi kuendesha meli katika mfululizo huu aanze na Black Flag. Mwenye Nintendo Switch ataipata ndani ya The Rebel Collection ya mwaka 2019, pamoja na Rogue, gemu nyingine ya mfululizo huu, na Rogue ichezwe baada ya hii kwa sababu Adéwalé anarudi humo. Kwa bei kamili ni fupi. Kwenye punguzo ichukue bila kusita, na ukishafungua panga la pili, achana na hesabu ya mjini uelekee baharini.