Haskell, OCaml na Erlang: nilivyozitofautisha kwa daftari la boti

Maelezo mengi ya lugha za fanksheni, yaani lugha za kuandikia programu kwa kuunganisha fanksheni (vipande vinavyopokea kitu na kurudisha jibu), yaliniachia istilahi tupu kichwani. Nilipata mwanga nilipoamua kuandika kitu kimoja kwa lugha zote tatu: daftari la nauli za boti za Mokowe na Lamu. Nani kalipa, nani anadaiwa, boti gani imejaa.

Haskell ilianza kubuniwa na kamati ya watafiti mwaka 1987, na msimamo wake ni mkali. Fanksheni ikipewa kitu kilekile lazima irudishe jibu lilelile; ikitaka kusoma faili, aina yake (maelezo ya inachopokea na inachorudisha) itangaze hivyo. Kukokotoa nauli kukatengana kabisa na kuandika kwenye diski, nami naupenda usafi huo mpaka leo. Ila Haskell haikokotoi kitu hadi kihitajike, kwa hiyo kukisia kumbukumbu ya kompyuta itatumika kiasi gani ni kazi.

OCaml ya Ufaransa ni laini zaidi. Aina zake zinabana, lakini ukitaka kubadilisha thamani mahali pake, ruhusa.

Erlang ndiyo iliyonigeuza mawazo. Joe Armstrong na wenzake waliianzisha Ericsson, Sweden, mwaka 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kusimama. Wao walichukulia kwamba hitilafu itatokea tu, hata ujihadhari vipi. Kila boti niliipa mchakato wake, yaani kiprogramu kinachojiendesha chenyewe, usioshiriki kumbukumbu na mwingine. Yote huzungumza kwa ujumbe. Mmoja ukifa, msimamizi wake, ambaye ni mchakato mwingine unaouchunga, anauanzisha upya na boti nyingine haziguswi.

Nilimuuliza mwenye boti mmoja, “Mjomba, ujumbe wa malipo ukichelewa mwafanyaje?”

“Abiria twamvusha, mwanangu. Hesabu itafuata.”

Nikaona kazi yenyewe imeshachagua lugha. Haskell ingenihakikishia mengi kabla programu haijaanza kwenda, lakini shida ya hapa huja ikiwa tayari inakwenda: mtandao umekatika na boti imeshang’oa. Kwa hiyo makusanyo ya siku yako kwenye Erlang. Hesabu za mwisho wa mwezi, ambazo hazina haraka na hazitaki kosa, nimezipa OCaml, maana kompaila yake (programu inayokagua nilichoandika na kukitafsiri kwa kompyuta) hunionya nikiacha hali yoyote ya tiketi bila kuishughulikia.

Anayetaka kujaribu azingatie hili: mchakato ukianzishwa upya huwa haukumbuki kitu. Deni liandikwe kwenye diski kwanza, ndipo abiria apewe jibu.