Mwezi ulikuwepo au haukuwepo?

Kuna mwaka pale kwetu Tanga tulikula Idd siku mbili ndani ya nyumba moja. Sitanii. Mjomba na wanawe wanafuata mwezi wa kimataifa, yaani ukionekana popote duniani kwao umeandama, bibi yeye anasubiri tangazo la BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania, na hataki kusikia jingine, basi asubuhi mjomba katoka na kanzu yake ya pasi anaenda kuswali, bibi kakaa barazani na swaumu yake anamwangalia tu, pilau inanukia nyumba nzima. Bibi akamuuliza, "Haya, huo mwezi wenu mmeuonea wapi, uvunguni?"

Mi nilifunga na bibi (pilau yake ndo tamu zaidi, nisijifanye mcha Mungu).

Ila swali likanikaa kichwani, hivi pale nani alikuwa anasema kweli? Maana mwezi ni mmoja, hakuna wa mjomba na wa bibi.

Nikaanza kusomasoma. Kumbe mwezi kuzaliwa, yaani ule wakati unapopita kati ya dunia na jua, ni wakati mmoja kwa dunia nzima, uwe Tanga uwe Jakarta, na wapiga hesabu wanaujua miaka mingi kabla. Hapo hamna ubishi. Kuonekana sasa! Kila saa inayopita mwezi unajitenga na jua kama nusu digrii hivi, kwa hiyo wakati wa magharibi pale Mombasa hilali, ule mwezi mwembamba wa kwanza, inaweza kuwa nyembamba mno jicho haliipati, halafu masaa karibu manne baadaye jua linazama Dakar na watu wanaiona. Wote wakweli. Tena tarehe 8 Julai 2013 kuna Mfaransa, Thierry Legault, aliipiga picha hilali wakati uleule wa kuzaliwa, mchana kweupe, karibu na Paris, kwa kutumia mwanga ambao macho yetu hayauoni kabisa. Ilikuwepo. Ila wewe usingeiona hata ungepanda mnazi.

Ndo nikashtuka kwamba bibi na mjomba ugomvi wao ni wa neno "kuandama". Mwezi uko wapi, hiyo ni habari ya angani. Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, imeingia lini, hiyo ni yetu huku chini, tumeambiwa tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona, sasa auone nani, mtu wa nchi yenu au yeyote duniani? Darubini haijibu hilo hata uinunue ya milioni mia.

Lakini msinielewe vibaya, ile kauli ya "kila mtu na ukweli wake" inaniudhi sana. Kama mwezi ulizama kabla ya jua halafu mtu anakuja anaapa kauona, hata waje mashahidi arobaini, hawakuuona, labda ni kipande cha wingu au unywele wa nyusi. Na nyie mliokosa kuuona kwa mawingu ya masika, mnachoweza kusema ni kwamba hamkuuona, basi, msiseme haukuwepo.

Nikaenda kumweleza bibi yote haya, na digrii zangu, na Mfaransa wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo mjomba wako alikula mchana wa Ramadhani au hakula?"

Nikamwambia inategemea. Akacheka, akanituma maji ya kutawadha.