Ngano ya Yamama

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zetu.

Wiki hii tunazungumzia vikwazo na shinikizo; tuikumbuke ile karatasi iliyotundikwa ndani ya Al-Kaaba. Makureshi, kabila kubwa la Makka, waliandikiana: Bani Hashim na Bani Muttalib, jamaa za Mtume, wasiuziwe kitu, wasinunuliwe kitu, wasiolewe wala wasiozwe. Kosa lao lilikuwa kukataa kumtoa Mtume (s.a.w.). Kwa karibu miaka mitatu walizuiliwa katika bonde la Abu Talib, wakafikia kula majani ya miti. Hakim bin Hizam alipompelekea shangazi yake, Bi Khadija (r.a.), ngano, Abu Jahl, mmoja wa wakubwa wa Makureshi, alimkamata njiani. Aliyetafutwa ni mtu mmoja, lakini njaa iliwapata watoto wa ukoo mzima, pamoja na jamaa ambao hata hawakuwa wamesilimu.

Vikwazo vya siku hizi havihitaji mtu wa kuvizia njiani. Anayeagiza ngano kupitia bandari ya Kilindini anajua mambo yanavyokwenda: benki ya mnunuzi humdhamini kwa muuzaji, malipo ya dola hupitia benki za Marekani, na meli haipakii bila bima. Pakikatika mahali pamoja tu, shehena imekwama. Machi 2012 benki nyingi za Irani ziliondolewa kwenye mtandao wa malipo wa SWIFT, na biashara ya nchi nzima ikatikisika. Chakula na dawa kwa kawaida huruhusiwa katika maandishi. Shida ni kwamba benki huogopa faini, kwa hiyo huikataa hata hundi ya dawa, na mgonjwa hukosa tiba ambayo hakuna sheria iliyoikataza.

Iraki ndiyo inayotuumiza zaidi. Azimio namba 661 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Agosti 1990, lilifunga karibu biashara yote. Serikali ikaanza kugawa unga, mchele, sukari na mafuta kwa kadi, na mpango wa kuuza mafuta ya petroli ili kununua chakula haukuanza kufanya kazi hadi Desemba 1996. Waliotaka vikwazo walitarajia wananchi wamgeukie mtawala wao. Lakini mtu anayengoja kibaba cha mwezi kutoka kwa serikali, atawezaje kuipigia kelele? Wakati huohuo magendo yaliwatajirisha waliokuwa na vyeo na wenye ulinzi mpakani. Saddam alibaki madarakani mpaka alipong'olewa kwa vita mwaka 2003.

Hatusemi kwamba shinikizo halifai kamwe. Hapa kwetu Kenya, watu waliingia barabarani Saba Saba, yaani Julai 7, ya 1990, kudai vyama vingi, wakapigwa na kufungwa. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris wakasitisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, vyama vingi vikarudi. Tazama kilichosaidia: dai lilieleweka, serikali ilizihitaji sana fedha za kigeni, na wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kulisema dai hilo kabla ya wageni.

Burundi ilikuwa na mchanganyiko. Mwanajeshi Pierre Buyoya alipopindua serikali Julai 1996, majirani, Kenya ikiwemo, walikutana Arusha wakaizuia njia ya bidhaa. Septemba mwaka huohuo bunge na vyama viliruhusiwa tena, jambo la heri. Lakini mafuta yaliadimika na bei zikapanda kwa mkulima aliyekuwa tayari amechoshwa na vita. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha Agosti 2000.

Maandamano nayo yana mahali pake pa kubana. Sudani, Desemba 2018, mkate wa pauni moja uligeuka kuwa wa pauni tatu, na mji wa Atbara, mji wa wafanyakazi wa reli, ukawaka. Miezi ikapita Rais Bashir yupo. Aprili 6 umati ukakaa mbele ya makao makuu ya jeshi, baadhi ya askari wakaanza kuwakinga waandamanaji, na tarehe 11 ameondolewa. Mtawala huanguka pale walio karibu naye wanapokataa kumbebea silaha. Ila kuondoka kwake si kuondoka kwa jeshi: Juni 3, siku za mwisho za Ramadhani, watu wengi waliokuwa wakikesha pale waliuawa. Tuwaombee.

Karatasi ya Makureshi ilivunjwa vilevile, kutoka ndani. Hisham bin Amr, naye Mkureshi, alimwendea Zuhayr, ambaye mama yake ni binti wa Abdul-Muttalib, akamuuliza kama ameridhika kula na kuvaa huku wajomba zake wana njaa. Kisha akamwendea wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja peke yake. Asubuhi walipopaza sauti mbele ya Al-Kaaba, Abu Jahl alijikuta anabishana na wakubwa wenzake, na karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa.

Kwa wenye maduka Marikiti na Kongowea, masoko ya Mombasa: barabara zikifungwa au dola ikipanda, ndipo unga hufichwa ghalani kungoja bei. Mtume (s.a.w.) amesema hahodhi ila mkosaji. Uza kwa bei uliyonunulia shehena hiyo pamoja na faida yako ya kawaida, na mfuko uliofunguliwa usiupunguzie kipimo.

Na kuna Thumama bin Uthal, mkuu wa Bani Hanifa, kabila la Yamama huko Arabuni. Aliposilimu aliwaambia Makureshi kwamba haitawafikia hata punje ya ngano ya Yamama bila idhini ya Mtume. Makka ikabanwa. Watu wa kabila lilelile lililoandika ile karatasi wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu wa damu. Makka ilikuwa bado haijaingia mikononi mwa Waislamu, na uadui ulikuwa haujaisha. Akamwandikia Thumama aziachie ngamia za ngano zipite.