Tegu, pepo na Marko sura ya tisa

Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Iringa. Kila mwaka nikifika mada ya mageuko ya viumbe, hakosekani mwanafunzi atakayesubiri wenzake watoke ndipo anisogelee mezani. "Mwalimu, wewe si unasali?" Nasali. Mimi ni Mlutheri, baba yangu ni mwinjilisti mstaafu kule Kilolo, na benchi la mbele kanisani nalijua tangu miguu yangu haijafika chini.

Mwaka huu aliyeuliza ni binti niliyekuwa naye wiki hiyohiyo Isimila, kwenye zana za mawe za watu wa kale. Ni karibu tu, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Alishika shoka la jiwe lililochongwa pande zote mbili, likamjaa kiganja, akaambiwa lina miaka kama 260,000. Alitaka kujua wamehesabuje. Nikamweleza kuwa mifupa iliyokaa ardhini hunyonya urani kutoka kwenye maji, na urani ile hugeuka elementi nyingine, thori, polepole, kwa mwendo unaojulikana. Thori haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo inayokutwa ndani ya mfupa imezaliwa humohumo. Ukipima uwiano wa hizo mbili unapata umri. Basi akaniuliza na ile hesabu ya dunia ya miaka 6,000 tuiweke wapi.

Ile hesabu ni ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, aliyejumlisha vizazi vya Biblia katika karne ya 17 akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Si aya ya Maandiko. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alishawaonya Wakristo kwamba wakisema ovyo kuhusu mbingu na nyota mbele ya watu wanaozijua, watafanya Maandiko yenyewe yadharauliwe. Nilimwambia binti yule kwamba umri wa mawe haujawahi kuninyima usingizi hata siku moja, na ni kweli.

Kilichoninyima usingizi ni Marko 9, pale Yesu anapomtoa pepo mtoto anayeanguka na kutokwa povu.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa na miaka 13. Tulikuwa barazani tunamenya njegere. Nilimwona anatazama ganda moja mkononi kama amelisahau, kidole gumba kikaanza kurukaruka, kisha mkono mzima, halafu sinia likapinduka naye akaenda chini juu ya njegere. Majirani walikuja mbio, wakasimama mbali. "Msimguse, lile povu linaambukiza." Haliambukizi. Lakini siku hiyo hata mimi sikumgusa, nilikuwa nimesimama na njegere mkononi. Aliyepiga magoti akamgeuza ubavu ni baba.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa, wakaona vifuko vidogo kwenye ubongo. Tegu wa nguruwe, yule mnyoo. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe wengi huzurura na vyoo si kila nyumba, hiki ni chanzo kikubwa cha kifafa, na watu wengi hawakielewi. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, na akiyameza mtu mwingine, kwa maji, kwa mboga au kwa mikono isiyonawiwa, ndipo viluwiluwi husafiri kwenye damu hadi kichwani. Mdogo wangu hajawahi kula nyama ya nguruwe. Alipewa fenobabito, dawa ya kifafa, akakaa miaka miwili bila kuanguka.

Halafu likaja hema la maombezi. Mhubiri alimwambia kumeza vidonge ni kumtilia Mungu shaka. Akaviacha. Siku ya tatu alisimamishwa mbele ashuhudie kuwa amepona, watu wakapiga vigelegele. Siku ya 11 aliangukia mafigani. Dawa hii ukiikatisha ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa hurudi kwa kishindo. Mkono wake wa kushoto mpaka leo haufunguki vidole viwili.

Usiku ule wodini baba alifungua Marko 9, akasoma kwa sauti ya chini mpaka kwenye mstari wa 22, mtoto anayetupwa "katika moto, na katika maji". Akafunga Biblia huku kidole kikiwa ndani. "Mwanangu," akaniuliza, "hivi Bwana hakujua kuwa ni ugonjwa?"

Sikuwa na jibu, na nilianza kusoma kwa sababu ya swali hilo. Nikakuta kwamba karne nne hivi kabla ya Kristo, maandishi ya Kigiriki yanayohesabiwa kuwa ya tabibu Hippocrates yalishasema ugonjwa huu si wa miungu kuliko mwingine wowote, chanzo chake ni ubongo. Nikamsoma Hume, mwanafalsafa Mskoti, aliyeandika mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza usikubaliwe mpaka uongo wa ushuhuda huo uwe muujiza mkubwa zaidi. Nililia niliposoma hapo, maana laiti mtu mmoja pale hemani angekuwa na kipimo hicho. Nikamfikia Rudolf Bultmann, mwanateolojia wa Ujerumani na Mlutheri mwenzetu, aliyesema mwaka 1941 kwamba mtu hawezi kutumia taa ya umeme na redio huku akiamini ulimwengu wa pepo wa Agano Jipya. Huyu nampinga. Hapa Iringa mtu anatuma pesa kwa simu asubuhi na jioni anakemea pepo, na wala haoni mgongano. Swali si kama inawezekana. Swali ni nani ataungua.

Baadaye niliirudia sura ile kama mwalimu wa Baiolojia. Mtoto anakakamaa, anatoka povu, anasaga meno, kisha analala kama mfu. Aliyeandika alimtazama mgonjwa kwa makini. Yesu naye anaanza na swali ambalo kila daktari alituuliza: amepatwa na haya tangu lini? Kisha anamshika mkono na kumwinua mtoto mwenye povu kama lile waliloliogopa majirani zetu. Kama alitumia maneno ya watu wa siku zake, mimi sioni aibu. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba Yesu alijifanya hana utukufu, na nadhani kuvaa mwili ni pamoja na kuvaa lugha na elimu ya kijiji chako. Najua wachungaji ambao hawatakubali sentensi hii. Naiacha hapohapo.

Ila kuna jambo moja silipatii njia ya kulizunguka. Mwaka 1860 Darwin, yule wa nadharia ya mageuko, alimwandikia barua Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo, akimwambia hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wangali hai. Mimi nina tegu wangu. Kiumbe ambaye yai lake halionekani kwa macho, na likiingia kichwani mwa msichana anayemenya njegere linajijengea kifuko na kukaa miaka. Tukisema kila kiumbe kimechorwa hivyo kilivyo kwa mkono wa Mungu, basi na huyu kachorwa. Nilimwambia baba hivyo, wazi, jikoni kwake. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Akasema, "Hilo usiwajibu watoto wa shule haraka."

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi wakati wa matangazo, akazungumzia vyoo, mabanda ya nguruwe na vidonge vya kifafa, kwa urefu wa mahubiri. Baadhi walinung'unika kwamba hayo si mambo ya kanisani.

Binti wa Isimila nilimsimulia yote haya, na kimya cha baba pia. Akaniuliza mdogo wangu anaendeleaje. Hajaanguka mwaka wa tano sasa. Saa mbili usiku baba humhesabia kidonge, humwekea kwenye mkono wa kulia, ule mzima, na yeye hufumba macho kidogo kabla ya kukimeza. Sijawahi kumuuliza anasema nini.